Hela ya kisima ilikuwa kwenye laini yangu

Mwaka jana mwezi wa Shaabani nilianguka na honda nikirudi zangu Konde, jua limeshachwa, mtu kamwaga mchanga wa kujengea nusu ya barabara wala hakuweka hata kuti la kumuonya mpita njia, mimi nikaja na spidi zangu nikajikuta niko chini na honda iko juu yangu. Mguu umevunjika pahala pawili. Nikapakiwa kwenye gari ilokuwa na mikungu ya ndizi, na nakumbuka vizuri kabisa pale juu ya ndizi sikuwaza watoto, sikuwaza mke wala mama yangu. Nilikuwa nawaza simu iko wapi.

Mana kwenye ile simu kulikuwa na 3,870,000. Katika hizo zangu mimi ni 1,200,000, hela ya ng'ombe nilomuuza wiki ile ile. Zilobaki, 2,670,000, zilikuwa za kisima cha msikiti.

Kijiji chetu kiko kaskazini ya Pemba, huku ambako ukichimba unakutana na jiwe na ukilipasua jiwe unakutana na maji ya chumvi. Kisima cha zamani cha msikiti kilishaharibika, watu wanatia udhu kwa maji ya madumu. Tukakaa watu watano tukajiita kamati, tukafungua grupu la WhatsApp, tukawatia watu wetu walioko Maskati, Dubai, London, Dar na Unguja, na mimi kwa vile niliwahi kusomea hesabu kidogo nikafanywa mshika fedha. Hakuna alouliza hela zitakaa wapi. Zitakaa kwa mshika fedha, si ndo jina lake? Kaambiwa ashike, kashika.

Usiku wa kwanza hospitali mguu umefungwa gogo, usingizi hauji, nikaanza kujirithisha mwenyewe. Laini imesajiliwa kwa jina langu na kidole changu. Nikifa, kampuni ya simu inavyojua hela yote ile ni ya marehemu, warithi waende mahkama ya kadhi wapate karatasi zao waje wachukue. Baba yangu kashatangulia, naacha mama, mke na watoto wanne. Mke thumni yake, yaani fungu moja katika nane, 483,750. Mama sudusi yake, moja katika sita, 645,000. Inabaki 2,741,250 ya watoto, wa kiume mafungu mawili wa kike fungu moja. Hesabu ikatoka safi kabisa, na ndio nikaogopa. Kisima kimeshagawanywa hicho, tena kwa halali, na walogaiwa hakuna hata mmoja mwenye kosa.

Najua kuna mtu hapa atasema aah lakini amana haiingii kwenye mirathi. Kweli. Mali ya maiti inatolewa kwanza gharama za maziko, halafu madeni, halafu wasia, ndo warithi wanakaa kugawana, na amana ya watu hata kwenye hesabu hiyo haimo, inarudi kwa wenyewe. Ila nani atasema kama ni amana? Mimi niko kaburini. Kamati wanajua kuna hela kwangu lakini ngapi hawajui, mana nilikuwa nawapa hesabu kwa mdomo baada ya sala ya Ijumaa. Grupu la WhatsApp mtu mmoja aliliwekea ile ya meseji kujifuta baada ya siku 7, kasema simu yake inajaa. Na kibaya zaidi nishaichanganya na hela ya ng'ombe. Hata mke wangu angesema ukweli wote anaoujua angesema "mume wangu aliuza ng'ombe, hela ile ni ya ng'ombe," na asingekuwa mwongo, kwa hiyo hapo ingebidi watu wazima waanze kuapishana msikitini kwa ajili ya kisima ambacho hata hakijachimbwa.

Kuna hadithi sote tumeisoma chuoni, Mtume (S.A.W.) kasema haimfalii Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale mausiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Nimeisoma niko na miaka kumi, nikaijibia na mtihani. Mimi nimelala na hela za watu mausiku zaidi ya arubaini.

Asubuhi mdogo wangu kaja na uji, kabla sijaunywa nikamwambia nitafutie karatasi na kalamu. Nikaandika: katika laini namba fulani kuna shilingi 2,670,000 za kisima, si zangu, wakabidhiwe kamati. Akatia saini yeye na mzee wa kitanda cha pili, mvuvi wa Kojani alokuwa na uvimbe wa tumbo, kanambia "mwanangu mie sijui kusoma, nisomee kwanza." Nikamsomea mara mbili. Ndo akatia dole gumba.

Nilipotoka, kitu cha kwanza kamati tuliamua twende benki tukafungue akaunti ya kisima. Yule dada wa kaunta hakutuvunjia heshima hata kidogo, alituuliza tu swali moja: nyinyi ni nani? Tukasema sisi kamati ya kisima. Akasema naam, lakini ni nani? Jumuiya? Cheti kiko wapi? Katiba iko wapi? Muhtasari wa kikao ulowachagua? Tukatizamana. Sisi watu watano tunajuana toka utoto, kijiji kizima kinatujua, sheha anatujua, lakini kwa sheria pale mbele ya kaunta hatukuwa kitu, tulikuwa watu watano walovaa kanzu.

Hapo ndo grupu likaanza kuwa chuo cha sheria. Mmoja wa Dar akatuletea maelezo marefu ya Sheria ya NGO namba 24 ya 2002, fomu na ada na kila kitu, tukaanza hata kujaza, mpaka mwalimu mmoja wa skuli hapa akatushtua, hiyo ni ya Bara jamani, jumuiya si jambo la Muungano. Zanzibar kwa miaka mingi jumuiya zilikuwa zinasajiliwa kwa Mrajis, chini ya Sheria ya Jumuiya namba 6 ya 1995, na ndo maana unasikia watu wanasema "jumuiya" hata ikiwa wanakusudia NGO. Nayasema haya kwa sababu ukisearch mtandaoni chochote cha Tanzania kinakuja cha Bara, na watu wengi wa visiwani wanapotea hapo hapo. Kodi ya mapato ndo nyengine, hiyo ya Muungano, sheria yake ya 2004 inatugusa sote. Mfanyabiashara mmoja wa Wete alitaka kujua kama mchango wake atautoa kwenye hesabu za kodi, jibu ni kwamba inaruhusiwa mpaka asilimia 2 ya mapato ya biashara lakini unachangia taasisi ya hisani inayotambulika, si laini ya simu ya mtu alovunjika mguu. Akacheka, akatoa hivo hivo.

Mtoto wa ami yangu aloko London naye alikuwa na lake. Kule mlipa kodi akitoa sadaka kwa taasisi ya hisani ya kwao ilokubalika, kila pauni 1 taasisi inakwenda kudai serikalini peni 25 za juu, wanaita Gift Aid. Kwa hiyo akitupa sisi pauni 100 ni pauni 100, akiipa taasisi ya kule inakuwa 125. Tukaona bas apitishie huko. Ehe, hela ikaja, na masuali yakaja nayo: mchimbaji kachaguliwaje, risiti ziko wapi, picha kabla na baada, nani kasimamia. Mwenyekiti wetu akakasirika, akasema hawa wanatuona wezi. Mimi kusema kweli wakati ule nilishapita kwenye ndizi, sikukasirika. Wasimamizi wa kule sheria inawabana wao wenyewe waoneshe hela imekwenda kwenye lengo, hata kama kisima kiko Pemba. Nikampigia picha risiti zote, mpaka ya kamba.

Na zaka. Huyu nimtaje kwa sababu alitutia kwenye mtihani bila kujua. Bwana mmoja wa Maskati alituma laki 5 na meseji: "hii ni zaka yangu ya mwaka huu." Nikaijumlisha na nyengine, sikuwaza kitu. Maalim aliposikia akanambia itoe hapo leo hii. Zaka ina wenyewe, watu wa aina nane walotajwa kwenye Suratut-Tawba, fakiri na maskini na wenye madeni na wengineo, na kwa sisi watu wa madhehebu ya Shafii inatakiwa imfikie mwenyewe mkononi imilikiwe na mtu, kisima hakimiliki kitu. Ukiitia kwenye saruji yule bwana atakuwa hajatoa zaka na wewe ndo ulomkosesha. Nikampigia, nikamueleza, akasema wagaieni mafakiri. Nikafungua daftari la pili. Halafu kuna mwengine wa Ulaya, simsemi ni nani, yeye alituma hela ya riba ya benki anataka kuitoa mikononi mwake tu, akaomba isiingie kwenye maji ya udhu wala kwenye msikiti wenyewe. Ile tukaezekea choo. Hilo nalo likawa daftari la tatu, na mke wangu akaanza kuniuliza kama bado nafanya kazi nyengine yoyote.

Kisima kilichimbwa. Maji tamu, alhamdulillahi, tulichimba mbali na kile cha zamani upande wa juu. Tulokusanya jumla ni 6,340,000 (laki 5 ya zaka na ile ya choo siziweki humo), tulotumia ni 5,190,000, ikabaki 1,150,000. Na hapa ndo pahala nilipojifunza sheria kuliko pote, mana shida haikuwa hela kupungua, ilikuwa hela kubaki.

Kamati tukakaa tukaona msikiti spika yake inakoroma, adhana ya alfajiri utadhani muadhini ana mafua, na mazulia yameliwa na mchwa pembeni. Wote watano tumekubaliana: spika na mazulia. Nikaandika kwenye grupu kwa furaha kabisa. Haikupita nusu saa bwana mwengine wa Maskati, si yule wa zaka, katuma voisi, sauti ya upole tena, ndo ilokuwa inauma zaidi: "Ndugu zangu, mimi nilitoa maji. Sikutoa spika."

Grupu likawaka. Wengine wanasema spika si ya msikiti huo huo? Wengine wanasema mwenye kutoa akishatoa katoa, hana tena haki ya kufuatilia. Wengine wanasema huyu bwana kachanga laki ngapi hata atupangie. Nikaenda kwa Maalim na simu yangu, nikamuhadithia kisa chote na mwenendo wake, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema: "Mlisemaje mlipokuwa mnaomba? Nisomee lile tangazo."

Nikalitafuta kwenye picha, mana meseji zilijifuta lakini mtu mmoja alikuwa kalipiga skrini. Nikamsomea: "Assalaam alaykum ndugu zetu, tunachangisha kisima cha msikiti wetu, kila mmoja alete alichojaaliwa, Allah atakulipeni."

"Kuna neno spika hapo?"

"Hakuna Maalim."

"Bas."

Akanieleza. Kwenye wakfu, yaani mali alofungia mtu kwa ajili ya kheri, mafakihi wana kanuni, sharti la mwenye kuweka wakfu lina nguvu kama neno la sheria yenyewe, na mchango uloombwa kwa jina la kitu nao unashikwa kwa jina hilo, kamati ni mawakili tu wa watoaji, wakili hafanyi zaidi ya alotumwa. Akanambia mnazo njia mbili, muwaombe watoaji idhini au muitumie kwenye kile kile kisima, tangi, pampu, matengenezo. Yule wa London nikamuuliza kwao ingekuwaje, akanambia kule kuna sheria ya 2022 inayowarahisishia, hela ya mchango ikibaki ziada wasimamizi wanaweza kuipitisha kwenye lengo linalokaribiana na la mwanzo, ikizidi pauni 1,000 ndo lazima wapate idhini ya kamisheni yao ya mambo ya hisani. Yetu haifiki pauni 1,000 hata uipige vipi. Kwa hiyo London tungekaa kikao tukapitisha, Pemba tunatafuta watu mmoja mmoja.

Tulijaribu. Kati ya watu 87 walochangia tukawapata 52, mmoja kashafariki (na hapo swali jengine, nani anatoa idhini ya maiti?), na 11 walituma kwa mawakala wakaandika "mpenda kheri". Nenda ukamtafute mpenda kheri. Tukanunua tangi la lita 2,000, ilobaki tukaiweka ya pampu. Spika bado inakoroma.

Siku hizi tangazo letu lina maneno yaloongezwa mwishoni, "na kitakachobaki kitatumika kwa maslahi mengine ya msikiti." Maneno manane. Yule bwana wa Maskati aliyaona, akatuma kidole gumba, na hela.

Tukio hili lilinifanya niyatizame upya mambo ya kwetu ya zamani ambayo nilikuwa nayapita tu. Msikiti wetu una minazi. Bibi yangu mzaa baba aliweka minazi saba wakfu ya msikiti, kila anguo nazi zinauzwa hela zinanunuliwa mafuta ya taa enzi hizo, baadae balbu. Sasa kwetu mtu anaweza kumiliki mti na ardhi ikawa ya mwengine, hili watu wa Bara wakilisikia wanastaajabu, lakini ndo hivo, unakuta shamba la fulani, mkarafuu ule wa fulani, mnazi ule wa msikiti. Bibi aliweka minazi, hakuweka ardhi. Hana ardhi ya kuweka, ardhi ni eka tatu za Serikali alizogaiwa mtu mwengine baada ya Mapinduzi ya 1964. Minazi minne imeshakufa. Maalim anasema mti wa wakfu ukikauka wakfu haukatiki, gogo lake linatumika au linatafutiwa manufaa kwa ajili ya msikiti. Gogo sawa. Lakini pale pahala? Wajukuu wa mwenye eka wanasema mti umekufa, pahala ni petu, wazee wa msikiti wanataka kupanda mnazi mwengine kwenye shimo lile lile. Hakuna karatasi. Kuna wazee wawili wanaokumbuka, na mmoja anakumbuka minazi tisa.

Kuna chombo cha mambo haya, watu wanasahau. Zanzibar wakfu umewekewa sheria yake toka 1905, wakati wa Sultani na Waingereza, na leo kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana yenye sheria yake ya 2007, ndo hao hao wanaoshughulika na mirathi na zaka. Ungeandikisha minazi yako kule ingejulikana mingapi, iko wapi, ya nini. Ila bibi yangu alisema mbele ya watu baada ya sala, kwake yeye ile ilitosha, na kwa miaka hamsini kweli ilitosha.

La mama yangu mkubwa ndo lilokuwa gumu zaidi, nalisema kwa ufupi mana wahusika wapo. Alikuwa mgonjwa, maradhi yale ambayo kila mtu anajua yanaishia wapi, akasema nyumba yake iwe madrasa. Baada ya wiki tatu akafariki. Nyumba ndo kitu pekee alichokuwa nacho. Watu wa madrasa wakaja na mkeka wao siku ya arubaini, wanae wakasema taratibu. Kisheria mtu akitoa kitu katika maradhi ya mauti kinachukuliwa kama wasia, na wasia haupiti theluthi ila warithi waridhie. Watoto wanne waliridhia, wa tano hakuridhia, na yule wa tano ndo anayeishi ndani ya ile nyumba na hana pengine. Watu walimsema sana. Mimi simsemi. Walioridhia walitoa katika mafungu yao wao, yeye fungu lake alibaki nalo, na leo madrasa iko vyumba vya mbele, yeye yuko uani, watoto wakisoma kwa sauti alasiri anatoka anakwenda kukaa kwa jirani mpaka wamalize. Angeitoa akiwa mzima, akakabidhi na ufunguo, hapangekuwa na hesabu yoyote. Lakini nani anatoa nyumba akiwa mzima? Atalala wapi?

Kisima chetu sasa kina jumuiya. Ilichukua miezi, katiba tuliiandika mara tatu, na akaunti tumefungua, tena yule dada wa kaunta alitukumbuka. Hela haikai tena kwangu. Kutoa hata shilingi kunataka saini za watu watatu, mimi, mwenyekiti na katibu.

Wiki ilopita swichi ya pampu imeungua, kitu cha 18,000. Katibu ni mvuvi, yuko dago, kambi ya wavuvi, kisiwani Fundo na harudi mpaka bamvua lipite, na msikitini hakuna maji. Nikatoa mfukoni mwangu. Nilipofika nyumbani nikachukua lile daftari la kwanza nikaandika tarehe na chini yake: naidai jumuiya 18,000. Mke wangu akatia saini ya shahidi, akasema shahidi wa pili nikamtafute mwenyewe, yeye anakwenda kulala.